Chumba Ambacho Wageni Hawakuonyeshwa

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele haviumi mtu. Na mama mwenye mtoto anayelia pale nyuma, usitoke nje. Mnyonyeshe hapohapo. Nina habari ya kuwapa leo, na wanaoihitaji zaidi ndio hao wanaopenda kutoka nje kabla sijafika mwisho.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani Upare, katika usharika ambao ninyi hamuujui, na kama yupo anayeujua, anyamaze. Tumwite Mama Niwaeli. Binti yake, Niwaeli, alikuwa shule ya bweni wakati wa mambo haya, kwa hiyo nyumbani walikuwa watu wazima watupu. Mume wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, wale wanaume ambao ukiwauliza chumvi ya nyumbani kwao inakaa wapi wanakwambia, "Msubiri mama, anakuja sasa hivi."

Mama Niwaeli alikuwa msafi. Nasema msafi, na bado sijasema. Ukifika kwake ulikuwa unavua viatu kuanzia kwenye ngazi. Ukiingia sebuleni, kila kochi lina kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono wake, kila meza ina kitambaa, redio imevaa kitambaa, hata birika la chai lilikuwa na nguo yake. Sakafu inang'aa mpaka unaona meno yako. Nzi akipotea njia akaingia mle, alikuwa anageuka mwenyewe, anajiona amekosea nyumba. Mgeni ulikuwa unakaa nusu kochi. Ile nusu nyingine unaiheshimu.

Wanawake wa usharika wakampa jina, wakamwita Mama Usafi. Na yeye jina alilipenda. Kila palipokuwa na semina ya akina mama, somo la usafi wa nyumba lilikuwa lake. Anasimama mbele, amefunga kilemba, anawaambia wenzake, "Mgeni akiingia kwako, asikute ndoo sebuleni. Asikute nguo juu ya kiti. Mgeni anasoma moyo wako kupitia sebule yako." Akina mama wanaandika. Wengine wanatazamana, maana wanajua walikotoka asubuhi hiyo wameacha nini juu ya viti.

Sasa niwaambie siri ya nyumba ile.

Sebule ilikuwa safi kwa sababu kulikuwa na chumba cha nyuma. Mnacheka? Naona tunaelewana. Kila kitu kilichokosa mahali katika nyumba ile kilipelekwa chumba cha nyuma. Feni iliyokufa, chumba cha nyuma. Godoro ambalo panya walishagawana, chumba cha nyuma. Baiskeli isiyo na magurudumu. Magurudumu yasiyo na baiskeli, maana yalikuwa ya baiskeli nyingine. Madumu kumi na tisa. Kalenda za miaka kumi iliyopita, zimekunjwa vizuri kana kwamba miaka hiyo itarudi. Sinki la choo cha ndani, walilonunua kabla ya kujenga choo cha ndani, na choo cha ndani chenyewe hakikujengwa. Kitanda cha Niwaeli cha utotoni, na Niwaeli yuko kidato cha nne. Magunia ya chupa tupu. Mwalimu akiuliza, "Mama Niwaeli, hivi hii tunaitunza ya nini?" anajibiwa neno moja: "Itafaa."

Wapendwa, ni vitu vingapi nyumbani kwako vinaishi kwa neno hilo? Itafaa. Lini? Kwa nani?

Na katika chumba hichohicho, katikati ya mali hiyo yote, kulikuwa na kitanda kimoja cha futi mbili na nusu. Juu ya kitanda hicho alikuwa analala Bibi Nakundwa. Bibi huyu ni nani? Ni mama mzazi wa yule mwalimu. Alikuwa akiishi peke yake kijiji cha juu, mpaka kiuno kilipoanza kumsumbua, mwanawe akamteremsha aje akae naye. Akawekwa chumba cha nyuma. Asubuhi anatoka kuota jua upande wa jikoni, mchana analala kidogo, jioni anakula. Wageni wakija, anabaki kulekule.

Basi, Jumapili moja mchungaji wao akasimama akatangaza kwamba ibada ya jumuiya ya Jumatano itafanyika kwa Mama Niwaeli, saa kumi alasiri. Akasema, "Semina tumesikia kwa masikio, sasa tukajifunze kwa macho." Mama Niwaeli akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Lakini moyoni, wapendwa, moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Jumatatu akafua vitambaa vyote. Jumanne akapiga sakafu nta. Jumatano asubuhi akatoa kila kitu uani apate kusafisha chini yake: ndoo, nguo za kufua, masufuria ya jikoni, gunia la tangawizi, kabati dogo la vyombo lenye mguu mmoja mbovu. Alijua ana muda mpaka saa kumi.

Saa tisa kasorobo akasikia watu wanaimba barabarani.

Kumbe mchungaji alipata lifti kwenye lori la tangawizi, akawahi. Na akina mama walipoona mchungaji amewahi, nao wakawahi. Na wengine, tuseme ukweli hapa mbele za Mungu, walikuwa wameshapanga kuwahi hata kabla ya lori. Walitaka kumkuta Mama Usafi kabla hajawa tayari. Akina mama, mnajijua. Naona mmoja pale anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Ndani ya nyumba ikawa mbio. Mama Niwaeli akamwita mumewe kwa sauti ya chini yenye makali, "Baba Niwaeli! Beba! Beba kila kitu, peleka nyuma!" Mwalimu akabeba. Ndoo, nyuma. Nguo za kufua, nyuma. Masufuria, nyuma. Gunia la tangawizi likaburutwa. Lile kabati la mguu mbovu likaingizwa kwa ubavu, likaegemezwa juu ya madumu, na madumu yalikuwa juu ya sinki, na sinki lilikuwa juu ya kile kitanda cha Niwaeli. Mwalimu wa hesabu aliliangalia lile rundo na hesabu zote kichwani mwake zikamwambia kwamba halitasimama. Lakini nani angesema?

Bibi Nakundwa alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, maana chini hapakuwa na pa kuiweka. Alikuwa anatazama vitu vikiingia.

"Mama," Mama Niwaeli akamwambia huku anahema, "wageni wamefika. Nakuomba utulie humu kidogo."

"Wageni gani, mwanangu?"

"Wa jumuiya. Na mchungaji."

"Basi nivae khanga nyingine, nije nisali nao."

"Mama, ukipita hapo vitu vitaanguka. Wewe tulia tu, chai nitakuletea. Na tafadhali, Mama, usikohoe."

Bibi akafikiri. "Kikohozi kikija chenyewe je?"

"Koholea kwenye mto."

Akafunga mlango, akageuza ufunguo, akautia kifuani. Akajifunga kilemba akitembea. Alipofika mlango wa mbele uso wake ulikuwa umeshatulia kabisa. "Karibuni, karibuni, wapendwa! Jamani, hata sikuwategemea mapema hivi, nyumba yenyewe mtaivumilia!"

Wakaingia. Wakaangalia juu, wakaangalia chini, wakaangalia chini ya meza. Hakuna kitu. Sebule inang'aa. Mama mmoja kati ya wale waliopanga kuwahi akaona haya, akakaa nusu kochi kama wengine.

Wakaimba. Wakasoma neno. Kisha mchungaji akamwomba Mzee Mbonea afunge kwa sala.

Mzee huyu ni lazima nimweleze. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza vyombo wa usharika. Vikombe, sahani, masufuria makubwa ya sherehe, vyote vilikuwa chini ya ufunguo wake. Sasa kulikuwa na sufuria moja kubwa la kanisa, lile la kupikia pilau la watu mia, lenye herufi za usharika kwa rangi nyekundu ubavuni. Likapotea. Likatangazwa Jumapili tatu mfululizo. Hata likaombewa. Mchungaji aliomba Mungu amguse aliyelichukua, na Mama Niwaeli aliitikia "Amina" iliyosikika mpaka sakristia. Sufuria halikuonekana. Baraza la wazee likakaa, likasema mzee amechoka, apumzike. Wakamnyang'anya ufunguo. Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini mnajua watu wanavyoweza kukuita jina bila kufungua mdomo. Tangu siku hiyo alikuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Basi Mzee Mbonea akaanza kuomba. Na sala zake zilikuwa ndefu, aliwaombea mpaka watu wa nchi ambazo hajui ziko wapi. Alikuwa amefika kwa wagonjwa wa hospitali zote, ndipo huko nyuma ya nyumba kikasikika kishindo. Si kishindo kimoja. Lilianza kabati, likafuata dumu, likafuata dumu, likafuata dumu, watu wakiwa wamefumba macho wanayahesabu, kisha likamalizia sinki.

Sala ikasimama. Macho yakafunguka.

Mama Niwaeli akatabasamu. "Ni paka," akasema.

Kisha kutoka kule nyuma ikaja sauti ya mtu mzima.

"Mimi si paka!"

Wapendwa, nyie mngefanyaje? Mchungaji alisimama. Akina mama walisimama. Hata wale waliokuwa wanaogopa kukanyaga zulia walilikanyaga. Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika kwenye ule mlango. "Mama! Mama, umeumia?"

"Mguu wangu umebanwa na baiskeli," Bibi akajibu. "Na hili kabati limeniinamia linanitazama."

"Ufunguo!" mwalimu akapiga kelele. Ni mara ya kwanza mke wake kumsikia akipiga kelele katika miaka ishirini ya ndoa. Ufunguo ukatoka kifuani, kitasa kikageuka, lakini mlango ule unafungukia ndani, na huko ndani vitu vimeanguka vikaulalia. Akasukuma kwa bega. Mlango ukasogea upana wa kidole.

"Usisukume, mwanangu!" Bibi akalia. "Ukisukuma, kabati linanijia!"

Hapo waliotaka kucheka wakaacha. Mwalimu akaacha mlango, akakimbia kuzunguka nyumba, na jumuiya yote nyuma yake, pekupeku, viatu vyao vyote viko kwenye ngazi. Upande wa nyuma kulikuwa na dirisha la mbao, halina nondo. Wakalivuta likafunguka. Mwalimu akapenyeza kichwa na mkono. Akaweza kulifikia kabati, akalishika lisiende popote. Lakini hakuweza kuingia. Hapakuwa na mahali pa kuweka hata mguu.

"Mama," akasema, "itabidi tutoe vitu kwanza."

"Basi mimi navitoa," Bibi akasema. "Niko hapahapa. Wewe shika hilo kabati. Watu wa nje wapokee."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bibi Nakundwa, mguu mmoja umebanwa, amekaa kitandani, akawa anachukua kitu kimoja kimoja na kukipitisha dirishani, na kila kitu akikitaja, maana alikuwa amelala navyo, anavijua kuliko mwenyewe. Na Mama Usafi amesimama pale uani, mbele ya wanafunzi wake wote wa semina.

"Madumu haya."

Wakapokea.

"Chupa. Chupa tena. Kalenda."

Wakapokea.

"Huu mwamvuli wa bluu una jina ndani, mimi sijui kusoma bila miwani."

Mama mmoja akaupokea, akausoma. "Huu ni wa mchungaji!" Mchungaji akaupokea. Alikuwa ameutafuta tangu Pasaka.

"Kinu hiki si cha humu. Kina alama ya msalaba chini."

"Cha kwangu!" akasema mama mwingine. "Mama Niwaeli! Si uliniambia ulikirudisha?"

"Nilidhani nilikirudisha," Mama Niwaeli akasema kwa sauti ndogo.

"Ungo. Koleo. Mikeka miwili. Hiki kiti cha plastiki kimeandikwa jina la shule."

Kila kitu kikitoka, kuna mtu uani anashtuka. Wengine walikuwa wameshasahau kwamba waliwahi kuwa na vitu hivyo. Mwalimu mwenyewe alipoona kile kiti cha shule alifumba macho.

Sasa Bibi alikuwa anavuta kitu kizito. "Hiki kikubwa," akasema, "mnisaidie upande wa pili."

Wanaume wawili wakaingiza mikono, wakavuta. Likatoka taratibu, likakwaruza mbao za dirisha. Sufuria. Kubwa. Limejaa nguo za baridi za Niwaeli alipokuwa mchanga. Na ubavuni, herufi nyekundu.

Watu wote waligeuka wakamtafuta Mzee Mbonea. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, mahali alipozoea. Akaja polepole. Akalishika lile sufuria kwenye masikio yake mawili. Akaligonga kwa kidole, likalia. Akachuchumaa chini akalikumbatia, mtu mzima mwenye mvi, akaweka shavu lake pale kwenye herufi.

"Tuliazima," Mama Niwaeli akasema, machozi yanamtoka. "Siku ya kipaimara cha Niwaeli, tulilitoa jikoni kwa kanisa wewe ukiwa hupo. Mzee, Mungu ni shahidi, sikuiba. Nilisahau. Liliingia humo ndani nikaweka nguo juu yake, nikasahau kabisa."

Mimi namwamini. Mwizi alikuwa si mwizi. Alikuwa na nyumba iliyojaa tu. Nyumba ikijaa kiasi hicho, wapendwa, inakufanya uwatendee watu ubaya na wewe mwenyewe hujui. Unaitikia "Amina" juu ya dhambi iliyo chumbani kwako.

Kabati likatolewa vipandevipande. Baiskeli ikainuliwa. Mwalimu sasa akapata pa kukanyaga, akaruka ndani, akamwinua mama yake, akamtoa dirishani mikononi kama mtu anavyobeba mtoto. Mguu ulikuwa na mchubuko na uvimbe, haukuvunjika. Wakamkalisha kwenye lile gunia la tangawizi lililokwisha kutolewa, maana ndilo lilikuwa karibu. Bibi akajikung'uta vumbi, akaona watu wote hao, akafurahi.

"Bwana asifiwe," akasema. "Kumbe mko wengi hivi."

Mchungaji akamsalimu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba mchungaji. Wewe ndiye yule wa sauti nene? Huwa nakusikia ukihubiri kutoka mle ndani. Unahubiri vizuri, ila ukila huwa huachi kuongea."

Watu wakacheka, wakapata kupumua. Mchungaji akachungulia dirishani. Akaona kile kitanda, chembamba. Akaona ukuta una alama ya mahali ambapo kichwa kinaegemea kila siku.

"Bibi, umekuwa unalala humo tangu lini?"

"Tangu mwanangu aliponiteremsha. Waliniambia nikae humo siku mbili tatu, wakipata nafasi watanipangia chumba."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Mwaka juzi, tulipokuwa tunavuna tangawizi."

Mwalimu akaangalia chini. Mke wake akajifunika uso na kilemba. Maana wote wawili walijua, na sasa jumuiya nzima ilijua, kwamba nyumba ile ilikuwa na chumba kingine. Chumba cha wageni. Kitanda cha futi tano, shuka zimepigwa pasi, chandarua cha waridi kimefungwa fundo juu, dirisha linatazama mlima. Kilikuwa kinafagiliwa kila asubuhi. Katika miaka miwili hakulala mtu humo. Hakuna mgeni aliyekuja kulala.

Mama mmoja, yule aliyewahi kwa makusudi, akaanza kusema kwa ukali, "Mama Niwaeli, kweli wewe, mkwe wako..." Lakini Bibi akamkata kwa mkono.

"Mwacheni," akasema. "Mkwe wangu si mtu mbaya. Chakula ananipa cha moto. Nguo ananifulia, angalieni hii khanga ilivyo nyeupe. Sijalala njaa kwake hata siku moja." Akausugua mguu wake. "Ila kila asichojua pa kukiweka, anakileta kwangu. Leo ndoo, kesho kabati. Nikaelewa taratibu kwamba na mimi ni hivyo hivyo. Hawajui tu pa kuniweka."

Alisema bila hasira. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Mama Niwaeli akapiga magoti pale uani, kwenye vumbi, na khanga yake ya wageni. Alishika ule mguu uliovimba akalia, na Bibi akampapasa kichwani akimwambia, "Basi, mwanangu, basi, wageni hawajanywa chai."

Usiku ule Bibi Nakundwa alilala chumba cha wageni. Asubuhi alilalamika kwamba kitanda ni kipana mno, alikuwa anajitafuta. Lakini hakurudi nyuma. Vitu vya watu vilirudi kwa watu. Vilivyobaki, kesho yake mwalimu aliita watu wakavichukua, na vingine vikachomwa, na kila Mama Niwaeli alipofungua mdomo kusema "Itafaa," Bibi alikuwa anamwuliza kutoka kibarazani, "Lini?" Jumapili iliyofuata Mama Niwaeli mwenyewe alisimama mbele ya usharika akaeleza habari ya sufuria, hakuficha hata neno. Ufunguo wa vyombo ukarudi kwa Mzee Mbonea, na wazee wa baraza wakamwomba radhi, mmoja mmoja, kwa mkono.

Na sebule ile siku hizi? Haing'ai tena kama zamani. Ukiingia unaweza kukuta Bibi amekaa kochi zima, siyo nusu, anachambua maharage juu ya kile kitambaa cheupe, na maganda mengine yako kwenye zulia. Ni nyumba safi. Lakini unaona kwamba inakaa watu.

Sasa tuzungumze sisi.

Mmecheka sana. Nami nimewaacha mcheke, maana nilikuwa natafuta ujasiri. Yule mchungaji aliyeingia na lori, aliyepokea mwamvuli wake dirishani, ni mimi. Huo ulikuwa usharika wangu kabla sijaja hapa.

Siku ile haikuwa mara yangu ya kwanza kwenye nyumba ile. Nilikuwa nimekunywa chai katika sebule hiyo mara nne. Niliwasifu. Nilimsimamisha yule mama mbele ya kanisa awafundishe wenzake. Na mara ya tatu, nakumbuka, nilikuwa na andazi mkononi nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta. Nikauliza, "Mna mgonjwa?" Nikajibiwa, "Hapana, baba mchungaji, ni redio."

Redio gani inakohoa, wapendwa? Nilijua haikuwa redio. Lakini chai ilikuwa ya moto na andazi lilikuwa zuri, na kusimama kuuliza zaidi kungeharibu hali ya hewa. Nikageuza mazungumzo. Yule mama alifunga mlango kwa ufunguo. Mimi niliufunga kwa adabu. Nani kati yetu alikuwa na kosa kubwa zaidi? Mimi nimeshajijibu, na jibu hilo huwa linaniamsha alfajiri.

Kwa hiyo sikuja leo kuwaambia mfagie. Fagieni, ni vizuri. Tupeni madumu, rudisheni vinu vya watu, na mwenye mikeka ya jirani ajue Mungu anaiona. Lakini sisi tunaficha zaidi ya ndoo. Tunaye baba aliyeanza kusahau majina, tunamwondoa mezani wageni wakija. Tunaye kaka aliyerudi kutoka mjini amevunjika moyo, tunasema amesafiri. Tunaye mtoto asiyetembea, na majirani hawajui hata jina lake. Tunawalisha, ndiyo. Tunawafulia. Hatujui tu pa kuwaweka, basi tunawaweka pamoja na vile tusivyotumia, kisha tunawakaribisha wageni kwa tabasamu, tunasema, "Karibuni, nyumba yenyewe mtaivumilia."

Jumatano naanza kutembelea nyumba zenu, nikianzia kwa wale wanaokaa ng'ambo ya mto. Siwaambii saa nitakayofika. Msinipigie deki, msinitolee vikombe vya kabatini. Nikifika nitasimama mlangoni na viatu vyangu, nami nitauliza kitu kimoja tu: ni nani mwingine anayeishi humu, nimpe mkono? Na mkinijibu kwamba ni redio, nitawaomba mnionyeshe hiyo redio.